Barua Niliyompa Mume Wangu

Kabla ya kuolewa nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu huko Butembo, na nilikuwa mwalimu mzuri. Nasema hivyo bila aibu. Nilikuwa na watoto zaidi ya hamsini ndani ya chumba cha mbao, madirisha bila vioo, baridi ya asubuhi ikiingia kama mtu wa nyumbani, na kufikia Pasaka wote walikuwa wanasoma. Mwanamume aliyenichumbia alinijua hivyo. Alinikuta na chaki vidoleni. Alikuwa anauza vipuri vya pikipiki katika mji wa Beni, na kila baada ya wiki mbili alipanda Butembo kuchukua mizigo. Siku alipokuja kwetu na wajomba zake kujitambulisha, baba yangu alimuuliza swali moja tu juu yangu.

"Huyu mutoto tulimusomesha. Ukimupeleka Beni, kazi yake itakuwa aje?"

"Papa, Beni pia iko na mashule," akajibu. "Atafundisha. Ile haina shida."

Alisema hivyo mbele ya sebule iliyojaa watu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni, nikasikia kila neno. Nilimpenda kwa jibu lile kuliko kwa kitu kingine chochote alichowahi kunifanyia. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu wako watakaosema kwamba labda hatukuelewana.

Tulifunga ndoa mwezi wa saba, shule zilipofungwa. Siku ya kushuka Beni nilitoka kwetu nimevaa sweta juu ya sweta. Tulipofika Kalunguta nilikuwa nimeshavua moja, na tulipoingia Beni nguo ilikuwa imenishika mgongoni na vumbi jekundu limenijaa puani. Nyumba ilikuwa Mulekera: vyumba vitatu vya matofali ya udongo, bati, ua mdogo na migomba michache nyuma. Chumba kimoja kilikuwa cha mama mkwe wangu. Yeye ni mtu wa Mbau. Alikuwa na shamba la kakao huko, na mume, na siku wauaji walipoingia alitoka na panga lake na kitenge alichokuwa amevaa. Hazungumzi juu ya siku ile na hakuna anayemuuliza.

Alinipokea vizuri. Alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Wasingya, asante, mwana wangu, karibu kwako," halafu akanionyesha mahali pa kila kitu, mwiko, chumvi, jiwe la kusagia. Wiki zile za kwanza tulitwanga sombe, majani ya mihogo, pamoja na tulienda pamoja kwenye kishamba chake cha mihogo pembeni mwa mtaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi niliyezoea kelele za darasa niliuona ukimya wake kama mapumziko.

Wiki ya tatu niliandika barua ya kuomba kazi. Niliiandika kwa Kifaransa, mara tatu, mpaka mistari ikanyooka, nikaiweka pamoja na nakala za diploma yangu ndani ya bahasha mpya. Shule ilikuwa umbali wa kutembea dakika kumi na tano. Nilikuwa nimeshavaa viatu ili niipeleke mwenyewe, mume wangu akanyoosha mkono.

"Nipe. Mimi napitaka pale kila siku. Nitaiweka mukononi ya Directeur mwenyewe."

Nikampa. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kichwani: nikampa. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na viatu, na nikampa.

Wiki ikapita. Jioni akirudi kutoka dukani nilimuuliza kama mwalimu mkuu amejibu.

"Bado. Directeur iko na mambo mingi."

Wiki nyingine.

"Bado. Labda nafasi hakuna. Beni si Butembo, walimu ni wengi."

Mwezi wa tisa ukafika. Asubuhi moja nilisimama kwenye ua na ufagio mkononi, nikawaona watoto wanapita njiani kwa makundi, mashati meupe, kaptula na sketi za bluu, wengine bado na alama za kukunjwa kwa nguo mpya. Kengele ikalia kule mbali. Mikono yangu ikataka kufanya kitu, haikujua kitu gani. Nikafagia ua mara ya pili. Ulikuwa umeshakuwa safi.

Ni wakati ule ule ambapo mama mkwe wangu alibadilika. Kwanza alininyang'anya mchi. Nilikuwa natwanga sombe, akaja, akaushika katikati ya pigo.

"Wacha. Ikala chini."

"Mama, naweza."

"Nimesema wacha."

Halafu bidoni la maji. Nikienda bombani na la lita ishirini, alinifuata nyuma na kunipa la lita tano. Nikiinama kuosha sufuria, alikuwa ameshaziosha. Shambani hakunichukua tena. Mezani alinichagulia kipande kikubwa cha samaki, na mayai, mayai kila siku, na alisimama mpaka aone nimemaliza. "Unakonda," alisema, akinitazama katikati ya mwili. Nilimaliza sahani kwa haraka ili nisitazamwe vile.

Mimi nimezaliwa katika nyumba ambamo msichana mwenye mikono mitupu anaitwa mvivu. Kunyang'anywa mchi kila siku ni kuambiwa kwamba wewe si wa nyumba hii. Nilifikiri, huyu mama ameona mwalimu hafai kitu, anataka kumwonyesha mwanawe kwamba ameoa mgeni wa kulishwa. Ajabu ni kwamba watu wengine wa Beni walikuwa wema kupita kiasi. Bombani akina mama nisiowajua walinipisha mbele ya mstari. "Pita, mama, pita." Nilimpigia simu mama yangu nikamwambia watu wa Beni wana adabu kuliko sisi.

Siku moja nilijaribu kumwomba mama mkwe msaada. Alikuwa katika kundi moja la maombi na mke wa mwalimu mkuu wa shule ile.

"Mama, hauwezi kuniulizia kama barua yangu ilifika?"

Akatikisa kichwa polepole.

"Mwana wangu, ile kazi hapana ya sasa. Kwa sasa uko na kazi ingine."

Kazi nyingine. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Yeye ndiye aliyekuwa anazuia. Yeye ndiye aliyekuwa amekwenda kusema neno kwa mke wa mwalimu mkuu ili nibaki hapa uani kama kuku wake. Tangu siku ile nilimchukia. Nilimchukia kwa bidii, kama mtu anavyofanya kazi. Nilichukia jinsi alivyokunja kitenge, nilichukia sauti ya malapa yake, nilichukia jinsi alivyopuliza moto. Na yule aliyestahili chuki ile alikuwa anarudi jioni, anavua viatu mlangoni, nami nampelekea maji ya kunawa.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi nilipasuka. Nilikuwa naipua sufuria ya maharage, akaja mbio akaichukua mikononi mwangu, mchuzi ukamwagika kwenye majivu.

"Mama, mimi si kilema!" nikapiga kelele. "Najua weye njo uliharibu kazi yangu kwa Directeur! Unataka nikae hapa bila kitu, unilishe mayai kama mugonjwa, kisha useme sijui kufanya kazi!"

Mama yangu mzazi sijawahi kumwambia neno kama hilo. Mama mkwe aliweka sufuria chini. Alijifuta mikono. Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane.

"Hasira hapana muzuri kwako sasa," akasema taratibu, akachukua jembe lake akatoka.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya pili, watu walikuwa wamesimama nje ya kanisa wakisalimiana. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya uwanja na wenzake wa dukani, wanacheka. Mama mkwe alikuwa amesali misa ya kwanza, ameshatangulia nyumbani kupika. Mwanamume mfupi mwenye miwani akanijia pamoja na mke wake, akanipa mkono. Alikuwa mwalimu mkuu. Nilimjua kwa sura tu.

"Madame, tulisikitika sana," akasema. "Dossier yako ya kuomba kazi njo ilikuwa ya kwanza juu ya meza yangu. Mais, afya kwanza."

"Mlinijibu lini?"

"Tulimujibu bwana yako. Barua haikumaliza ata wiki. Nilimwambia uanze mwezi wa tisa, darasa la tatu. Kesho yake akarudia ku bureau, akasema daktari amekukataza kusimama, juu ya mimba."

Mke wake alinigusa mkono na kulitazama tumbo langu kwa upole.

"Ya kwanza inakuwaka nguvu, mama. Utazoea."

Kuna wakati mwili unaelewa kabla ya kichwa. Mayai. Mchi. Bidoni la lita tano. Pita, mama, pita. Yote yalikuja kwa pamoja na yakakaa kila moja mahali pake, na nilikuwa nimesimama pale na tumbo langu tupu mbele ya parokia iliyokuwa inalijua kuliko mimi. Na watu wa kwetu wanajua kuhesabu kwa vidole. Ndoa mwezi wa saba, mimba ya kukatazwa kusimama mwezi wa nane. Aibu hiyo pia alinipa, bila kufikiri.

"Sina mimba," nikamwambia mwalimu mkuu. "Sijawahi kuwa nayo."

Akavua miwani.

"Donc..." akaanza, akaifuta miwani kwa shati.

Sikumngoja mume wangu. Nilitembea peke yangu kwa viatu vya Jumapili, jua la Beni kichwani, na nilifika nyumbani nimechubuka visigino. Mama mkwe alikuwa anasonga bugali. Dakika chache baadaye mume wangu akaingia, anapumua.

"Umenikimbia," akasema akicheka.

"Niko na mimba ya miezi ngapi?"

Kicheko kikakatika.

"Sema. Directeur anajua, bibi yake anajua, bamama ba bomba banajua. Ni mimi tu haujaniambia."

"Ongea polepole, bajirani banasikia."

"Basikie! Uongo uliipeleka mpaka kanisani, kweli njo unataka tuifungie ndani?"

Alikaa. Alijaribu kunishika mkono, nikautoa. Alisema alitaka nipumzike kwanza. Alisema sikuwa nimezoea joto. Nilipomwambia aseme lingine, alitazama chini akasema wenzake wa dukani walikuwa wameanza kumcheka, kwamba ameoa mwalimu, kwamba karibuni mke ndiye atakayeweka bugali mezani.

"Na weye ukacheka nabo," nikamwambia.

Hapo akainua kichwa, kama mtu aliyekumbuka ana silaha.

"Na unajua hali ya Beni. Unajua ile ilifanyika Mbau. Nilikuwa na woga juu yako, basi."

Mama yake alikuwa bado amesimama na mwiko mkononi. Hakumtazama yeye kwanza. Alinitazama mimi.

"Kumbe hakuna mutoto?"

"Hakuna, Mama."

Alikaa kwenye kigoda. Alikaa polepole sana, kama mtu anayeshuka mahali pa juu. Bugali ilianza kuungua na hakuna aliyeisogeza.

"Ulinikataza nisimuulize," akamwambia mwanawe. "Ulisema ana haya, kwabo Butembo hapana bazungumzaka mimba ingali kidogo. Nikanyamaza. Nilikuwa natazama tumbo yake kila siku, nasema labda ya kwanza inachelewa kuonekana. Mwezi muzima na zaidi naombea ule mutoto. Nilishaambia baba yako kule aliko."

"Mama, nilikuwa na woga tu juu ya..."

"Usitaje Mbau." Hakupaza sauti. "Mbau si yako. Batu betu balikufa kule hapana blanketi ya kufunikia uongo yako."

Akasimama, akaitoa sufuria motoni, akaenda chumbani kwake. Mume wangu alitoka na pikipiki. Siku ile hakuna aliyekula katika nyumba ile, na mimi niliona ni haki.

Alasiri nilikwenda kugonga mlango wa mama mkwe. Alikuwa amekaa kitandani, na mapajani alikuwa na kipande cha kitenge alichokuwa amekikata na kukikunja kunja, kile cha kubebea mtoto.

"Mama, nilikutukana bure," nikamwambia.

"Ata mimi ningetukana," akasema. "Mutu kukunyang'anya chungu kila siku!" Akataka kucheka, kicheko hakikufika. Alikigeuza kile kitenge mikononi. "Hii nitafanya nayo nini?" Nikamchukia mume wangu upya, safari hii kwa niaba ya mtu mwingine.

Jumatatu asubuhi nilipanda kurudi Butembo kwa wazazi wangu. Mama mkwe ndiye aliyenibebea mfuko mpaka njia kuu. Mume wangu alibaki mlangoni. Nilifikiri njia nzima juu ya baba yangu. Yeye ndiye aliyeuliza lile swali, yeye ndiye aliyepewa lile jibu. Nilikuwa tayari namwona anavyosimama, anavyovaa koti lake, anavyoshuka Beni kumkumbusha mtu neno lake.

Nilimkuta sebuleni karibu na redio, mvua inapiga bati. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alikupiga?"

"Hapana, Papa."

"Anakunywa?"

"Hapana."

"Iko na mwanamuke mungine?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Alidanganya. Alikupa neno hapa, ndani ya hii nyumba, mbele ya batu."

Alipunguza sauti ya redio, kidogo tu, si kuizima.

"Mwana wangu, maneno ya siku ya uchumba ni maneno ya siku ya uchumba. Mbuzi ya mahari ya batu tulishakula. Pumuzika siku mbili, kisha urudie."

Mbuzi. Mimi niliyekesha mbele ya taa ya mafuta nikisoma mpaka moshi ukanitia weusi puani, yeye aliyenishika mkono kunipeleka shule nikiwa mdogo, akajivunia kila karatasi niliyoleta, na mwisho wa hesabu jibu lilikuwa mbuzi. Nilitoka kwenda jikoni kabla sijamwambia neno lisilorudi.

Mama yangu alikuwa anakata vitunguu majani. Alikuwa amesikia yote, nyumba ni ndogo. Alikata kwa muda mrefu bila kuinua macho.

"Baba yako aliuzisha mashini yangu ya kushona," akasema. "Mwaka ule ule tulioana. Nilirudia toka sokoni nikakuta nafasi yake iko wazi."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa nimewahi kusikia kwamba mama yangu alikuwa na cherehani.

"Na ulisema nini?"

"Ningesemea nani?"

Akaendelea kukata. Nilibaki nimesimama pale, na hasira yangu, ambayo mpaka saa ile ilikuwa na jina la mtu mmoja, ikaanza kuenea nyumba nzima.

Alhamisi mume wangu alifika na mjomba wake mkubwa. Walikaa sebuleni na baba, mimi na mama tukabaki upande wa jikoni kama ilivyo desturi. Mjomba alizungumza vizuri. Aliomba radhi kwa baba yangu kwa usumbufu. Baba naye akaomba radhi kwa mjomba, akasema mtoto wake ana hasira ya haraka, ni kosa la kusomesha sana. Wakacheka wote watatu. Mume wangu aliomba radhi kwa baba, baba akaomba radhi kwa mume wangu. Radhi zilizunguka sebule ile kama sahani ya karanga, kila mtu akachukua yake.

Nikavuka pazia.

"Hakuna mutu ameniomba mimi," nikasema.

Baba akakunja uso. Mjomba akanionyesha kiti, sikukaa.

"Nitarudia Beni," nikasema. "Mais kwanza huyu aende ku bureau ya Directeur, mimi nikiwa pale, aseme kwa mudomo yake kwamba alidanganya. Vile alienda kusema uongo, aende kusema kweli. Na amuombe mama yake radhi vilevile."

"Ile ni neno kidogo, mama," mjomba akasema. "Mambo ya nyumba hapana ya kupeleka ku bureau."

"Yeye njo aliipeleka ku bureau. Na kama ni neno kidogo, haitamushinda."

Baba alinyoosha kidole kunionyesha mlango wa jikoni. Hapo mama yangu akatoka, mikono yake imelowa maji, akasimama kando yangu. Katika maisha yangu yote sikuwa nimemwona akiingia katika mazungumzo ya wanaume bila sinia mkononi.

"Mutoto amesema kweli," akamwambia baba.

Hilo tu. Baba aliteremsha kidole. Mume wangu alitazama viatu vyake, kisha akasema, "Nitaenda."

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa chumba kidogo chenye ramani ya nchi na rundo la madaftari. Mume wangu alisimama, kofia mkononi, jasho likimtiririka. Alisema haraka, kama mtoto anayesoma somo asilolielewa: kwamba mke wake hakuwa na mimba, kwamba hakuna daktari aliyemkataza kitu, kwamba yeye ndiye aliyeyasema hayo na mke wake hakujua.

"Kwa nini?" mwalimu mkuu akamuuliza.

Aligeuka kunitazama. Nami sikumsaidia.

Njia nzima kutoka Butembo nilikuwa nimefikiri kwamba nikimwona ameinamisha kichwa vile hasira yangu itapoa. Haikupoa. Nilimwona mwanamume anayesikitika kwa sababu ameonekana. Darasa la tatu lilikuwa limeshapewa mwalimu mwingine, kijana mmoja, na si kosa lake. Mwalimu mkuu alifungua daftari, akalifunga, akasema kilichobaki ni darasa la alasiri, la watoto waliokimbia na wazazi wao kutoka njia ya Oicha. Mwalimu wao alikuwa ameacha kazi. Hakuna madawati, wanakaa juu ya matofali chini ya hema la plastiki, na umri wao umechanganyika.

"Madame, ile si kazi ulioomba," akasema.

"Naanza Jumatatu," nikamjibu.

Nikaanza. Chini ya plastiki ile joto lilikuwa la kupikia, na ubao ulikuwa umepasuka katikati, hivyo neno refu lilibidi kuruka ufa. Wakubwa wao walikuwa na miaka kumi na minne na hawajui herufi. Mwezi wa kwanza sikufundisha kitu cha maana, nilikuwa najifunza kutopaza sauti, kwa sababu wako waliojificha nyuma ya wenzao nikipaza. Nilijua kwamba hawakustahili mwalimu mwenye hasira. Nilijaribu kuiacha nje pamoja na malapa.

Nyumbani kwa miezi mingi nilimwambia mume wangu mambo ya chumvi na maji tu. Na mama yake alimwambia machache kuliko mimi. Kidogo kidogo mazungumzo yalirudi, maana watu wawili hawawezi kula sahani moja kila siku bila kusema. Mume wangu si mtu mbaya. Watu wananiambia hivyo, na mimi najiambia. Hanipigi, hanywi, hana mwanamke mwingine. Najua orodha ile kwa moyo, niliipata kwa baba yangu.

Ninaandika haya mwaka wa nne wa ndoa yetu. Tunaye binti sasa, na bibi yake anambeba mgongoni kutwa nzima. Darasa langu limepata madawati na bati. Na mume wangu amegeuka mtu wa kujivunia mimi. Mwezi uliopita alikuja mgeni, mfanyabiashara mwenzake kutoka Butembo, tukamkaribisha mezani. Mimi nilikuwa upande mwingine wa sebule nasahihisha madaftari.

"Bibi yangu ni mwalimu," nikamsikia anasema. "Mimi sikupendaka mwanamuke wa kuikala nyumbani bure. Nilimwambia tangu mwanzo, ufundishe."

Mgeni akamsifu. Niliinua kichwa. Mume wangu aliniona, na nilimwona anavyotafuta haraka maneno mengine, akaanza kuzungumza juu ya ubovu wa barabara. Nilirudi kwenye daftari langu. Kalamu ikatoboa karatasi, ikachana hesabu nzima ya msichana mmoja anayekaa dawati la mbele.

Kesho yake nilimwonyesha yule msichana ukurasa ule nikamwomba radhi. Nilimwambia kwamba mwalimu wake alikuwa na hasira, na hasira ile haikumhusu. Alilitazama lile tundu, akapitisha kidole juu yake.

"Juu ya nani, Madame?" akaniuliza.

Nilimpa karatasi mpya, nikamwambia aandike upya, na kwamba safari hii nitampa alama zote.